Salamu za Ghorofa ya Ishirini na Mbili

Kabla sijaandika lolote juu ya mtu huyu, natenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, mchana, bila mtu wa kunisimulia. Fungu la pili ni yale niliyoambiwa. Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kuwa mfasiri wa nyaraka mjini Doha, na katika kazi zote mbili nimeshuhudia jinsi neno la kusikia linavyovaa nguo za ushahidi na kupita mlangoni bila kuulizwa liendako. Kwa hiyo kila nitakapotaja jambo la fungu la pili, nitasema wazi kwamba nimelisikia tu. Msomaji ataona, kabla sijamaliza, kwamba utaratibu huu niliouishi tangu ujana ulinisaliti. Lakini sina mwingine, na mimi si mzee wa kubadili mwendo njiani.

Mtu mwenyewe ni Mwosha Vioo. Jina lake nalijua; silitaji kwa sababu hakuniomba nilitaje. Alikozaliwa na ukoo wake sikumuuliza. Alikuwa Mkenya, Mkristo, umri wake umepita hamsini, mfupi kuliko nilivyodhani nilipomwona angani, na kazi yake ilikuwa kuning'inia kwa kamba nje ya minara ya Kornishi na kuviosha vioo vyake.

Kornishi ndiyo barabara kuu ya Doha, pana, yenye njia nyingi kwenda na kurudi, iliyopinda kufuata ghuba kama mundu uliolazwa ukingoni mwa maji. Upande mmoja ni bahari na njia ya waendao kwa miguu. Upande wa pili ni bustani, mitende iliyopangwa kama wanafunzi gwarideni, na majengo ambayo wageni husafiri mbali kuja kuyapiga picha. Ofisi yetu imo katika mnara mmoja wa upande wa kaskazini, ghorofa ya ishirini na mbili, na meza yangu inatazama maji.

Siku ya kwanza nilikuwa nafasiri mkataba wa pango. Nikainua kichwa nitafute neno. Nje ya dirisha, mahali ambapo kwa miaka miwili sikuwahi kuona kitu ila mwanga na njiwa, palikuwa na viatu viwili. Viatu vya mtu, vyenye miguu ndani yake. Vikashuka. Yakaja magoti, ikaja ndoo iliyofungwa kiunoni, kikaja kifua kilichokazwa mikanda, kisha uso. Nilitamka shahada kwa sauti kubwa kiasi kwamba wenzangu wawili waligeuka. Mtu yule alipaka povu kioo kizima, akanitazama, akatabasamu, na kwa kidole chake akaandika katika povu lile, kutoka mkono wake wa kulia kwenda kushoto ili aliye ndani asome sawasawa: HAMJAMBO HUMO NDANI. Kwa Kiswahili! Doha, ghorofa ya ishirini na mbili! Niliinuka kitini. Niliweka mkono kifuani, nikamjibu kwa sauti, ingawa nilijua hawezi kunisikia. Akatikisa kichwa kama aliyeridhika, akapitisha kifutio chake cha mpira mara tatu, na salamu yangu, povu na mtu mwenyewe vikateremka pamoja.

Niliamini kuwa ameiona kofia yangu ya kufuma akanitambua kuwa ni mtu wa pwani. Niliandika hivyo katika shajara yangu jioni ile. Kila baada ya miezi michache alirudi, na kila aliporudi niliandika: *Leo Mwosha Vioo amenisalimu.* Maandishi hayo ninayo hadi leo. Ni ya miaka sita.

Tulikutana ardhini siku ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nimetoka msikitini, nimepanda basi kutoka Najma ninakokaa. Yeye alikuwa ametoka kanisani asubuhi, na alikuwa amekaa kwenye majani ya bustani pamoja na wanaume sita au saba waliovaa mashati yaliyopigwa pasi. Nilimtambua kwa ndevu zake zenye mvi upande mmoja tu. Nikamwendea mbele ya wote.

"Wewe ndiye uliyenisalimu Jumanne," nikamwambia. "Dirishani."

Akasimama, akavua kofia. Akakaa kimya kidogo. Ukimya ule niliuona lakini sikuupima.

"Ndiyo, mzee wangu," akasema. "Nilisalimu."

"Nami nilikujibu."

"Asante sana kwa kunijibu."

Vijana wake walitazamana. Mmoja wao, Mkenya wa mjini mwenye mdomo mwepesi, akasema, "Eh, Mzee, kumbe uko na mafans hadi kwa maofisi!" Wakacheka. Yeye hakucheka. Alinikaribisha nikae, akanitandikia gazeti ili kanzu yangu isichafuke, na tangu siku hiyo aliniita Mwalimu.

Ilikuwa desturi yake kila Ijumaa kuwatembeza wafanyakazi wapya kando ya Kornishi. Watu hao hulala Eneo la Viwanda, vitanda viwili viwili juu na chini, na basi la kampuni huwaleta mjini alfajiri na kuwarudisha jua likiwa kali. Wanaweza kumaliza mkataba mzima wakilijua jiji kwa paa zake tu. Yeye aliwaambia, "Mtu asiifanyie kazi barabara ambayo hajaikanyaga." Kwa hiyo waliikanyaga. Nami, kwa kuwa Ijumaa ya mjane ni ndefu, nikawa naandamana nao.

Majengo yote aliyajua kwa uchafu wake. Hakueleza yalijengwa lini wala yana kimo gani. Alisema mnara huu unapigwa na chumvi, ule unapigwa na vumbi la upepo wa shamali, ule wa katikati njiwa wameufanya choo. "Jengo ni kama mtu," aliwaambia. "Utamjua akiwa hajanawa." Hoteli ile ya kale yenye umbo la piramidi, iliyo mwisho wa ghuba, aliipa heshima ya pekee. Kila Ijumaa alisimama mbele yake, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo." Mara ya kwanza nilidhani amenisalimu mimi, nikaitikia marahaba, vijana wakaangua kicheko hadi wengine wakakaa chini.

"Samahani, Mwalimu," akasema, akijizuia. "Namwamkia huyu. Yeye alikuwa hapa peke yake, hawa warefu wote wamemkuta. Ukifika ugenini unamwamkia aliyekutangulia."

Kwamba hoteli ile ilikuwa peke yake, mimi sikuliona. Nimeona picha za zamani tu.

Makumbusho meupe ya mawe, yaliyokaa juu ya maji upande wa pili, hakuyapenda. "Huyu amenigomea," alisema. "Jiwe tupu. Utamsalimia wapi?" Mnara wa msikiti uliojizungusha kama gamba la konokono aliuonyesha kwa kiganja kizima, si kwa kidole, na aliwakemea vijana waliounyooshea kidole. Pale kwenye sanamu la chaza aliyefunua kinywa na kuonyesha lulu yake, ambapo kila mgeni lazima apige picha, aliwaruhusu wapige. Lakini yeye hakusimama nao hata siku moja. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Chaza akifunuliwa hivyo ujue wameshamaliza kazi naye." Sikujua nicheke au nisicheke.

Nimesema kuwa sipendi kusikia. Basi haya ya kutembea nimeyaona mimi, na la mazoezi pia nimeliona, na hili ndilo lililobeba kila kitu kilichofuata.

Mwosha Vioo huning'inia kwa kamba mbili. Kampuni yake ilitumia ya buluu na nyekundu. Ya buluu humteremsha. Nyekundu haifanyi kazi yoyote, inamfuata tu, imefungwa kwenye kifua chake, ili ya buluu ikikatika imdake. Aliwafundisha wapya hivi: "Ya buluu ni ya mwajiri. Nyekundu ni ya mama yako." Na alikuwa na mwito wake, ambao hutamkwa juu ya paa kabla mtu hajavuka ukingo. Aliwafanyisha mazoezi ya mwito huo kwenye majani ya bustani, mikanda ya mabegi ikiwa ndiyo kamba, familia za watu zikipita na kushangaa.

"Buluu?" aliita.

"Ipo!" akajibu anayeshuka.

"Nyekundu?"

"Ipo!"

"Mtu?"

Hapo anayeshuka alipaswa kufunga mdomo. Aliyesimama kando yake ndiye aliyepaswa kuzishika kamba zote mbili kwa mkono wake, kuzivuta hadi mwenzake ayumbe, na ndipo aseme, "Yupo!" Hakuna mtu aliyeruhusiwa kujijibia. Siku moja mpya mmoja, Mganda mwenye miraba minne, alijisahau akasema mwenyewe, "Mtu nipo!" Mwosha Vioo akamsukuma kifuani kwa vidole viwili, jitu lile likakaa kwenye majani.

"Haupo," akamwambia. "Umeanguka. Tunakusafirisha kesho. Simama."

Ilipofika zamu yake mwenyewe ya kuigiza, akaita "Mtu?", vijana wawili waliokuwa kando yake wakaitikia kwa pamoja, kwa adabu kubwa, "Yupo, Mzee!" Na mikono yao ilikuwa nyuma ya migongo yao.

Mimi niliiona mikono ile. Naandika hapa kwamba niliiona, na sikuona ubaya wowote. Nilifurahi. Nilijiambia kuwa watoto wa Afrika Mashariki, hata katika mji huu wa kila mtu na lwake, bado hawawezi kumpapasa mtu mzima kifuani na kumtikisa kama gunia. Nililelewa hivyo. Niliwalea wanafunzi wangu hivyo. Yeye naye alitabasamu, akaendelea.

Mambo yake mengine yalipingana vibaya. Niliambiwa na vijana kwamba kambini alikataa kitanda cha juu, na kwamba taa ya chumba ikiungua hakubali kupanda ngazi kuibadili. Kwa kuwa ni la kusikia, nikalipima. Nilimpeleka makusudi kwenye daraja la waendao kwa miguu. Mtu huyu aliyekaa hewani kwenye ghorofa ya arobaini alishika reli kwa mikono miwili na kutembea kama anayevuka mto.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Sana, Mwalimu."

"Na kule juu?"

"Kule nimefungwa. Hapa nani amenifunga?"

Miwani yake ya kusomea ilikuwa michafu, imejaa alama za vidole, na nilipomwonyesha alisema mganga hajigangi. Alikuwa mkali kwa uzembe wa wengine na mvivu wa barua za nyumbani. Alijua kwa moyo kila kioo kilichopasuka pembeni katika minara kumi na zaidi, lakini alisahau mwavuli wangu kwenye basi mara mbili. Alipenda kunisikiliza nikisimulia historia. Hakuuliza tarehe, aliuliza watu hao walikula nini.

Sasa nafika kwa Mama Chai. Ndivyo tulivyomwita ofisini: Mganda, mwanamke wa makamo, aliyetuandalia chai na kuzijua habari za jengo zima kuanzia maegesho hadi paani. Nilimheshimu kwa chai yake. Habari zake nilizikataa, na alijua. Asubuhi moja aliweka kikombe mezani pangu na hakuondoka.

"Mwalimu, huyo Mzee wako wa madirisha."

"Amefanya nini?"

"Mimi nakuambia, hawamkagui. Wanaogopa kumshika. Na mwezi huu mara mbili amesahau ile nyekundu. Mtoto mmoja akaiona, akamfungia kimyakimya, akanyamaza. Hajamwambia hata mwenyewe."

"Umeona kwa macho yako?"

"Mimi niko jikoni, nitaonaje? Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na yule kijana aliyemfungia. Tunasali pamoja."

"Naye kwa nini hasemi kwa msimamizi?"

"Atasemaje? Ni Mzee! Lakini wewe, Mwalimu, ni mkubwa kwake. Wewe ukimwambia atasikia."

Nilivua miwani yangu. Nakumbuka niliivua, kwa sababu huivua ninapotaka kufunga mazungumzo. "Mama," nikasema, "mtu amekuambia wewe uniambie mimi. Nikienda kwa mtu mzima na maneno ya namna hiyo nitakuwa nimemvunjia jina lake kwa umbea. Siku utakapoona, niambie."

Alichukua trei. Mlangoni akageuka. "Sawa. Tungoje macho."

Tulingoja wiki tatu.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi nzuri, anga safi, ghuba imetulia. Viatu vikashuka dirishani mwangu kama siku zote. Niliweka kalamu chini, nikajiandaa kusalimiwa. Magoti. Ndoo. Kifua. Kamba ya buluu ilikuwa imekaza kutoka kwake kwenda juu. Ile nyekundu ilikuwa hatua nzima pembeni yake, inapeperuka peke yake, haimgusi mtu. Kifuani pake, mahali pa kuifungia, chuma kilikuwa kitupu kinabembea.

Sikuelewa mara moja. Macho yaliona na akili ikakataa. Kisha nikaelewa. Niliruka, mimi mwenye magoti mabovu, nikapiga kioo kwa ngumi. Vioo vya mnara ule ni viwili viwili na katikati pana hewa; ngumi yangu ilitoa sauti ya mtu anayepiga godoro. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene, KAMBA NYEKUNDU, nikaibandika kwenye kioo mbele ya uso wake, karibu kiasi kwamba kama si kioo ingemgusa pua.

Alinitazama. Ninaapa kwamba alinitazama, machoni. Akaweka sawa kofia yake. Akafunua midomo, akayakagua meno yake, akang'oa kitu kati ya meno kwa ukucha. Nilipiga kelele. Akapaka povu juu ya karatasi yangu na juu ya uso wangu, akaandika taratibu, HAMJAMBO HUMO NDANI, akafuta, akatabasamu, akateremka.

Nilidhani amepatwa na wazimu. Nilidhani ananidhihaki. Yote mawili yalinipitia kichwani kwa wakati mmoja, na sikuweza kutoka pale dirishani. Mama Chai aliingia na trei.

"Mama! Nyekundu haijafungwa!"

Aliiweka trei sakafuni, si mezani. "Umeiona kwa macho yako, Mwalimu?"

Hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu hicho ndicho kipimo nilichompa. Ingekuwa kejeli ningeistahimili.

"Nimeiona."

Simu ilikuwa tayari mkononi mwake, anampigia yule kijana anayesali naye. "Haloo! Wewe, nisikilize, Mzee wenu hana nyekundu! Hapana, siyo mimi, Mwalimu ameona! Ameona yeye mwenyewe! Yuko chini ya ishirini na mbili, anashuka! Acheni heshima zenu, msimamisheni!"

Niliegemeza paji la uso kwenye kioo nikatazama chini. Niliona utosi wa kofia yake na mkono unaozungusha kifutio kwa utulivu, na chini kabisa Kornishi, magari madogo kama punje, mitende, watu. Kamba ya buluu ilikuwa ikisogea mbele ya macho yangu. Kila iliposogea nilihesabu. Nilifika kumi na saba. Kisha ikasimama.

Viatu vingine vikashuka kutoka juu, kwa kasi. Alikuwa yule kijana wa mdomo mwepesi, na safari hii mdomo umefungwa. Alipita dirishani mwangu ameivuta kamba nyekundu kwa mkono mmoja, akashuka hadi kwa Mzee wake. Niliona akimkumbatia kwa nyuma kama anayemkamata mwizi. Sikuweza kuona vidole. Niliona kamba nyekundu, iliyokuwa ikipepea, ikitulia, kisha ikakaza.

Nikakaa. Mama Chai akaokota trei, akanipa kikombe.

"Kunywa."

"Uliniambia," nikasema.

"Nilikuambia."

"Wiki tatu."

"Kunywa, Mwalimu. Inapoa."

Tangu siku hiyo hakurudi kwenye kamba. Hilo nililiona: kwa miezi kadhaa alisimama chini ya mnara, ndani ya utepe wa rangi unaozuia wapita njia, akiwa na filimbi shingoni, akiwatazama wenzake juu. Ijumaa hakuja bustanini. Mimi nilipita pale kila asubuhi nikielekea mlangoni, tukapungiana mikono kwa mbali, na hakuna aliyemsogelea mwenzake. Yeye alikuwa na sababu zake. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimemwonyesha maandishi ya kumwokoa roho, naye akanionyesha meno.

Mara ya mwisho ilikuwa alasiri ya Ijumaa. Nilimkuta kwenye ukingo wa Kornishi, karibu na mnara wetu, amekaa na begi moja miguuni. Mkataba wake ulikuwa umekwisha. Basi la kampuni lingempitia hapo kumpeleka kambini, na kutoka kambini uwanja wa ndege. Alisimama aliponiona. Akavua kofia.

"Mwalimu, sijakushukuru."

"Sikuja kushukuriwa. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

"Ile nyekundu ilikuwaje?"

"Ilinasa kwenye ukingo wa paa. Nikaifungua niinasue. Nikaita 'Mtu?', wakasema 'Yupo'." Akaikunja kofia yake mkononi. "Walinionea haya, Mwalimu. Nami niliona raha kuonewa haya."

"Na karatasi yangu?"

"Karatasi gani?"

Nilihisi hasira yote ikinipanda. "Karatasi niliyokubandikia puani! Uliniangalia machoni. Ukakagua meno. Ukanisalimu, ukashuka!"

Mwosha Vioo alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka yote ile: alinishika mkono, kama anavyoshikwa mtoto, akanivusha majani ya bustani hadi chini ya mnara wetu, akanisimamisha mbele ya kioo cha ghorofa ya chini.

"Ni kioo kilekile," akasema. "Tazama ndani. Unaona nini?"

Nilitazama. Niliona mzee mwenye kofia ya kufuma na kinywa wazi. Nyuma yake ghuba, mitende, na mtu mfupi mwenye ndevu za mvi upande mmoja.

"Najiona mimi."

"Na ndani?"

Hapakuwa na ndani. Nilisogea hadi pumzi yangu ikafanya ukungu. Nilikuwa nimepita mbele ya kioo kile mara mbili kwa siku, kwa miaka, na zaidi ya mara moja nilikuwa nimeiweka sawa kofia yangu ndani yake.

"Mchana, kwa nje, hatuoni," akasema kwa upole. "Minara yote ya Kornishi ni hivyo. Sijawahi kukuona, Mwalimu. Hata siku moja."

"Lakini Ijumaa ile ya kwanza nilikuambia umenisalimu. Ukasema ndiyo."

"Nilisema nilisalimu. Nasalimu kila dirisha, kila jengo. Ulikuja na furaha, mtu mzima, mbele ya vijana. Ningekuambia nini?"

Nikashika kioo. Miaka sita ya shajara! Kila ukurasa nimeandika kwa kalamu yangu, kwa ushahidi wa macho yangu mawili: *amenisalimu.* Fungu la kwanza, lile safi. Na neno la jikoni, lililopita midomo miwili kabla ya kufika mezani pangu, ndilo lililokuwa kweli.

"Kwa nini?" nikamuuliza hatimaye. "Kwa nini kusalimu kioo?"

"Kule juu unashinda siku nzima unatazamana na uso wako. Unachoka nao. Nikasema, huenda humo yumo mtu."

Basi la kampuni lilikuwa limeonekana mbali, linazunguka kona ya ghuba. Akatupa begi begani, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa hadi kwenye majani, akainua uso.

"Dirisha lako ni lipi?"

"Ishirini na mbili. La nne kutoka pembe ya bahari."

Akahesabu kwa kidole, midomo ikisogea. Nami nikahesabu pamoja naye nisije nikamwacha akosee, na hakukosea.

Tangu hapo nimesikia mengi. Wapo wanaosema yuko Nakuru anafundisha vijana wa kamba, na kwamba hakuna anayeshuka kabla hajazishika kamba za Mzee mwenyewe na kumtikisa kwanza. Mama Chai anasema amemtumia salamu. Siku hizi nazipokea salamu za Mama Chai bila kuuliza, lakini hayo yote ni fungu la pili, na nayaacha huko. La kwanza linaishia hapa: alasiri ile, chini ya mnara wetu, nikiwa nimesimama kando yake bega kwa bega, Mwosha Vioo aliivua kofia yake, akainua mkono kulielekea dirisha la nne la ghorofa ya ishirini na mbili, akasema kwa sauti, "Hujambo, Mwalimu," na akauacha mkono wake hewani mpaka nilipoitikia.